Ngazi Hamsini na Nne za Bi Pini

Kabla sijamshukuru Bi Pini, nitangulize hili: nilimtukana. Nilimtukana mbele za watu, kwenye korido ya ofisi ya nyumba za manispaa, na sikumbakizia kitu. Nilimwita muuaji. Nikamwambia kama ana binti, basi Mungu amwonyeshe kwa binti huyohuyo. Leo nikikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze, lakini nikilificha hilo, yote yanayofuata yatakuwa uongo mtupu.

Mimi kazi yangu kupiga pasi. Nipo chumba cha dobi cha hoteli moja kubwa, chini kabisa, wageni wasikofika, na kwa siku tunakunja mashuka mia tatu. Nina binti mmoja wa miaka tisa, mdomo wake kama wangu. Na nilikuwa na mume, fundi rangi, mcheshi, mtu wa watu. Ungekutana naye mtaani ungeniambia nina bahati ya mtende.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Sitaki kueleza sana, maana kuna watu hupenda kusikia habari hizo kuliko wanavyopenda kusaidia. Nitasema tu kwamba kwa miaka kumi na moja nilijua usiku utakuwaje kwa jinsi alivyoingiza ufunguo mlangoni. Ukiingia taratibu, tutakula. Ukianza kukwaruza kitasa, mimi namwambia mtoto nenda kitandani, jifunike, usitoke. Mkono wangu wa kushoto haunyooki sawasawa mpaka leo.

"Kwa nini hukuondoka?" Jamani, hilo swali! Niondoke niende wapi? Ndugu walinipokea mara mbili, na mara mbili wakanirudisha wao wenyewe, wakakaa sebuleni wakanywa soda za mume wangu wakicheka naye. Nikafikiria nyumba za manispaa, zile za kodi nafuu. Fomu yake ilitaka sahihi ya mkuu wa kaya. Na mkuu wa kaya ndiye nani? Ndiye yeye! Yaani nimpelekee karatasi nimwambie, baba nanii, hebu tia sahihi hapa nikukimbie. Niliuliza dirishani kama hakuna njia nyingine. Kijana mmoja wa pale akanicheka, akaniambia nirudi nikiwa mjane.

Halafu sheria ikabadilika. Mimi si mtu wa siasa, bungeni sikujui hata kwa picha. Nilisikia kwenye redio ya chumba cha dobi, shoga yangu wa mashine za kufulia akaongeza sauti, akanitazama. Sheria mpya ilisema hivi: anayepigwa nyumbani aende mahakamani, apewe amri ya ulinzi, na anayempiga asimkaribie tena, si kwake, si kazini kwake. Tena ikasema, mwenye amri hiyo aombe nyumba ya manispaa kwa sahihi yake mwenyewe, apewe kabla ya wengine, na anwani yake iwe siri. Sahihi yake mwenyewe! Nilizima pasi. Haki ya Mungu, nilizima pasi na shuka liko mezani, nikaketi juu ya kapu nikalia.

Amri niliipata. Hakimu alisikiliza nusu saa tu, akatazama mkono wangu, akaandika. Siku hiyohiyo mimi na binti yangu tukapokelewa nyumba salama, mahali pa kujificha akina mama wa aina yangu. Pazuri, pasafi, lakini mwisho siku tisini, maana nyuma yako kuna wengine wanasubiri kitanda. Siku ya themanini na moja nikapigiwa simu. Nyumba imepatikana, njoo Jumatatu saa nne uchukue ufunguo.

Sasa Bi Pini. Alikuwa karani mkuu wa ugawaji, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na nane, miwani yenye kamba, magoti mabovu. Jina hilo walimpa kwa sababu ya ubao wa matangazo. Zamani nyumba za manispaa ziligawiwa kwa kujuana: leo mpwa wa mkubwa, kesho shemeji wa dereva wa mkubwa. Bi Pini alipopata cheo akaapa kwamba kila nyumba inayotoka itabandikwa ubaoni, jina kamili la aliyepewa, jengo na nambari ya mlango, kila mwenye macho aone. Walimtisha. Walimhamishia stoo mwaka mzima akahesabu ndoo. Alirudi na ubao wake. Kila Jumatatu asubuhi ungemkuta pale na pini nne amezibana midomoni, anabandika, na watu wanamsubiri. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeiba hata mlango mmoja.

Siku ninajaza fomu nilimwuliza, "Mama, na ile siri?"

"Sheria nimeisoma, mwanangu," akasema. "Faili lako linakaa kwenye kabati langu. Ufunguo huu hapa." Akauvuta kutoka shingoni kwa kamba, akanionyesha, akaurudisha ndani ya gauni.

Wala hakunidanganya. Faili lilikaa kabatini na hakuna aliyeligusa. Tatizo ni kwamba faili ni faili na ubao ni ubao. Walioandika sheria mpya hawakuwahi kusikia habari za ubao wa Bi Pini, na mkono wa Bi Pini ulikuwa umeuzoea ubao kiasi kwamba haukuhitaji kichwa. Mtu mwingine, mvivu kidogo, mwizi kidogo, asingekosea hivyo. Alikosea kwa uaminifu wake.

Jumatatu ile shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda na binti yangu. Koridoni watu wamejaa, wameinua simu wanapiga picha ubao. Mimi nilikuwa nawaza ufunguo. Mtoto huyu lakini husoma kila kitu, hata maelezo ya paketi ya sabuni.

"Mama," akasema kwa sauti, "jina lako lile pale. Mlango wetu nambari ishirini na tatu!"

Nikasukuma watu. Mstari wa saba, majina yangu yote matatu, jengo, ghorofa ya tatu, mlango. Na ofisi ile ndiko mafundi rangi wa mji mzima huja kuchukua kazi za manispaa. Nusu ya wale mafundi walikuwa wamekula harusini kwangu. Karatasi ilikuwa ukutani tangu saa mbili, na saa hiyo ni saa nne.

Bi Pini akatoka ofisini kusikia kelele ni za nini. Akaniona mimi, akautazama ubao, na uso wake ukabadilika. Alifungua kioo cha ubao, akaichomoa ile karatasi, pini zikamwagika sakafuni.

"Umechelewa!" nikampigia kelele. "Wameshapiga picha! Wewe ni muuaji, unasikia? Muuaji!" Na mengine, kama nilivyokwisha kusema.

Hakunijibu kwa hasira. Hakuniambia nipunguze sauti. Alisimama na karatasi mkononi, akasema, "Nimekosea." Nikaendelea kumtukana, akasema tena, "Nimekosea, mwanangu."

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimezoea "nimekosea, lakini na wewe." Nilikuwa nasubiri hiyo "lakini" ije, nimeikunjia ngumi kabisa. Haikuja.

Akatuingiza ofisini, akafunga mlango, akampa mtoto maji. Nikamweleza hali, ingawa aliijua. Siku zangu za nyumba salama zinaisha Jumapili. Nikiikataa hii nyumba, nitarudi kwenye foleni, na nyumba nyingine tupu hakuna mpaka miezi mitatu, minne. Nikiikubali, atakuja. Namjua, atakuja tu.

"Basi nitalala kazini," nikasema, "ndani ya kapu la mashuka. Na huyu nitamlaza kwenye kapu la taulo."

Binti yangu akauliza kama makapu yana magurudumu. Hakuna aliyecheka.

Bi Pini alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha kanuni, kimeng'oka jalada, akawa analamba kidole na kufunua. Alikaa na kile kitabu kwa muda mrefu. Kisha akasoma, polepole, na kidole chini ya maneno: "Kanuni ya kumi na nne. Wapangaji wawili wa manispaa wanaweza kubadilishana nyumba kwa hiari yao, wakitia sahihi mbele ya karani. Ubadilishanaji hautabandikwa ubaoni, kwa kuwa hakuna nyumba iliyogawiwa upya."

"Haya," nikasema, "na ni mwendawazimu gani atakubali kubadilishana na mimi?"

Alikuwa anaandika. Hakuinua kichwa. "Mimi," akasema.

Alikuwa akiishi nyumba ya manispaa tangu ujana wake, upande wa pili wa mji, vyumba viwili, ghorofa ya chini. Miaka ishirini na sita. Nilimtazama nikidhani ananitania. Nikamwuliza, "Na magoti yako? Kule ni ghorofa ya tatu, lifti hakuna."

"Magoti ni yangu, wewe yanakuhusu nini? Tia sahihi."

Nikatia. Yeye akatia. Lakini kupitisha karatasi akakataa, eti karani hajipitishii mambo yake mwenyewe. Akamwita msaidizi wake, akamfanya asome kanuni nzima kwa sauti, akamwapisha asifungue mdomo, halafu ndipo akamruhusu agonge muhuri. Hata siku hiyo, na dunia imetuangukia, mama huyu alitaka muhuri ukae sawa.

Tulihamia Jumatano. Alikuwa ameacha mapazia, eti yameshonwa kwa kipimo cha yale madirisha, kule hayatafaa. Alikuwa amepiga deki. Binti yangu alikaa mlangoni karibu saa nzima akicheza na ufunguo. Anauingiza, anauzungusha, anautoa. Anauingiza tena kwa fujo, makusudi kabisa, anakwaruza kitasa, halafu ananitazama. Na mimi nikawa naendelea kupanga vyombo. Hakuna aliyeshtuka.

Nilimshukuru Bi Pini? Sikumshukuru. Niseme ukweli. Nilijiambia kosa ni lake, acha alibebe. Tulipokutana ofisini kwa karatasi hii na ile nilimsalimia shikamoo kwa juujuu, akaitikia, basi. Nilimwona anachechemea zaidi, nikajitia sioni.

Ikapita miezi mitano. Amri ya kwanza ilikuwa ya miezi minane, kwa hiyo tukaitwa mahakamani iamuliwe iendelee au iishe. Na nilikuwa naogopa hilo kuliko kitu chochote, kwa sababu amri ikiisha, haki yangu ya kukaa kwa siri inaisha nayo. Mume wangu alikuja na shati jeupe limenyooka. Mimi najua pasi, lile shati lilipigwa vizuri. Alizungumza kwa upole. Akasema yeye ni mtu wa amani, hajanikaribia tangu siku ile, hata ninapoishi hapajui na wala hajawahi kupatafuta. Akachombeza na utani kidogo, karani wa mahakama akatabasamu. Nikajisemea, yale yale, kila mtu atampenda, na mimi nitaonekana mwenye kisirani.

Mwendesha mashtaka akasimama, akasema ana shahidi mmoja. Mlango ukafunguliwa, na aliyeingia ni Bi Pini, na fimbo mkononi.

Hakuwa na fimbo zamani.

Alikula kiapo, akavaa miwani, akatoa daftari. "Jumamosi," akasoma, "siku tano baada ya kosa langu la ubaoni. Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Mlango wangu uligongwa. Nikafungua. Alikuwa huyu bwana. Akaniuliza, 'Yuko wapi?' Nikamjibu, hapa naishi mimi. Akausukuma mlango, nikaangukia goti la kulia. Akatafuta vyumba vyote, na chini ya kitanda. Akaondoka. Nikaripoti polisi, nambari ya taarifa ninayo."

Akafunua ukurasa. "Jumamosi ya tatu. Alikuja na kopo la rangi nyekundu. Akaandika neno mlangoni. Sitalitamka mbele ya mahakama, picha hii hapa. Polisi walimwita akakana, ila herufi ni za mtu mwenye mkono wa brashi."

Hapo shati jeupe likaanza kulowa. Akasoma mara ya tatu, na ya nne, na ya tano, kila moja na saa yake na dakika zake. Hakimu akaitazama ile picha, akauliza, "Mama, hilo neno umelifuta?"

"Hapana, mheshimiwa. Ni ushahidi."

"Yaani miezi yote hii unaishi nyuma ya mlango ulioandikwa hivyo?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na polisi wanasema uliomba mlalamikaji asiambiwe. Kwa nini?"

"Ili alale," akasema Bi Pini.

Hakimu akavua miwani. "Na kwa nini wewe hukuhama? Kwa cheo chako ungepata nyumba nyingine."

Bi Pini akafikiri, kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi mno. "Alidhani nimemficha pale, mheshimiwa. Ndiyo maana alikuwa anarudi. Muda wote aliokuwa anagonga kwangu, alikuwa hagongi kwake."

Nililia mbele ya watu wote kwa sauti, kamasi na machozi, na sikuona haya hata kidogo. Mimi niliyemwita muuaji. Mama wa watu alikuwa amekaa mlangoni pangu miezi mitano, anapanda zile ngazi na goti limevimba, ili mimi niendelee kumnunia kwa amani.

Amri ikaongezwa miaka mitano. Fundi rangi akafungwa miezi kumi kwa kuivunja na kwa lile goti. Na kanuni ya ubao ikabadilishwa, aliyeiandika upya ni Bi Pini mwenyewe. Siku hizi ukienda ukasoma, utaona mistari yenye majina, halafu chini kabisa: "Nyumba mbili zimetolewa kwa amri ya mahakama." Jina hakuna, mlango hakuna. Kwa kuwa hamwamini mtu, hata nafsi yake, ameweka wapangaji wawili walioapishwa wayakague yale mafaili kila mwezi, wezi wasije wakajificha humo. Mimi nikipita pale husimama mbele ya mstari ule. Nasema ahsante kimoyomoyo, kwa bunge nisilolijua, kwa hakimu, kwa redio ya chumba cha dobi.

Lakini kwake yeye sikutaka kushukuru kimoyomoyo. Jumapili iliyofuata nilichukua kopo la rangi ya kijani na brashi mbili. Nikachukua pia mapazia mapya niliyomshonea kwa kipimo cha madirisha ya kule, nikayapiga pasi mimi mwenyewe mpaka yakasimama. Binti yangu akabeba brashi. Tukazihesabu ngazi tukipanda, na ni hamsini na nne. Mimi nina magoti mazima na nilifika juu ninahema.

Neno lilikuwepo bado, jekundu, kubwa. Binti yangu alilisoma, maana husoma kila kitu, akanitazama, kisha akafungua kopo bila kuambiwa.

Nikagonga.

"Nani?" sauti ikauliza kutoka ndani.

Tangu siku ya ubao, kila nilipoulizwa hivyo kwenye mlango wowote, nilikuwa najibu "mimi." Kwenye simu "mimi," kliniki "mama yake huyu." Jina langu nilikuwa nimelikunja nikaliweka chini kabisa ya kapu. Siku hiyo nikavuta pumzi, nikalitaja. Nililitaja lote, majina yangu matatu, langu na la baba na la babu, kama yalivyoandikwa kwenye ile karatasi, kwa sauti, mpaka jirani akafungua mlango kutazama kuna nini.

Halafu nikasikia kiti kinasogea, na fimbo.

"Nimekuja kushukuru, mama," nikasema kupitia mlangoni. "Na kuomba radhi. Na kupaka rangi."

"Subiri basi, nakuja kufungua. Hili goti!"

"Usiharakishe," nikamwambia. "Tupo, hatuendi popote."